Medali, mkanda na matokeo: namna ya kuisoma rekodi ya Azumah Nelson

Novemba 2022, Baraza la Ngumi la Dunia, WBC, lilitangaza kwamba Jeff Fenech wa Australia ndiye mshindi wa pambano lake na Azumah Nelson wa Ghana. Pambano lenyewe lilipigwa Las Vegas tarehe 28 Juni 1991 na likatangazwa sare. Miaka 31 baadaye, mabondia wote wawili wakiwa wameshatundika glovu zamani, sare ikageuka ushindi.

Tangu hapo, jina la Azumah likitajwa mbele ya wapenzi wa ngumi, mabishano hayakawii. Mmoja atasema rekodi yake imeongezwa kipigo kimoja. Mwingine atasema WBC haina ubavu huo. Wa tatu ataingiza dhahabu ya Olimpiki ambayo Azumah hakuwahi kuwa nayo, na wa nne ataapa kwamba huyo ndiye Mwafrika wa kwanza kuingizwa kwenye Jumba la Mashujaa wa Ngumi, jambo ambalo nalo si kweli.

Nadhani ubishi wote huu unatoka sehemu moja. Tunaizungumzia ngumi kama soka, tukidhani juu kabisa ipo FIFA yake yenye neno la mwisho. Haipo. Medali ina mwenyewe, mkanda una mwenyewe, na matokeo ya pambano yana mwenyewe mwingine kabisa. Azumah alipita mikononi mwa wote watatu kati ya 1978 na 2008, kwa hiyo tukimfuata yeye tutaona kila mmoja anaanzia wapi na anaishia wapi.

Ridhaa na kulipwa

Ngumi za ridhaa ni zile zinazosimamiwa na shirikisho la taifa na kupanda hadi Michezo ya Afrika, Michezo ya Jumuiya ya Madola, mashindano ya dunia na Olimpiki. Bondia anavaa fulana, anapigana raundi tatu za dakika tatu kila moja, na anawakilisha klabu, jeshi, polisi au nchi. Ngumi za kulipwa ni kazi. Bondia ana leseni, mkataba, meneja na promota. Anapanda ulingoni kifua wazi, raundi nne akiwa mchanga, hadi 12 akigombea mkanda mkubwa, na kila pambano lina bei yake.

Watu wengi hutofautisha ngumi hizi mbili kwa ile kofia ya kinga ya kichwani. Hiyo si alama ya kutegemea. Azumah aliposhinda medali zake hakukuwa na kofia. Zilianza kuvaliwa Olimpiki ya Los Angeles mwaka 1984, na kwa wanaume zikaondolewa tena kufikia Olimpiki ya Rio mwaka 2016.

Tofauti yenye uzito zaidi ni hii: nani anakuchagulia mpinzani? Kwenye ridhaa ni droo. Unaamka asubuhi, unapima uzito, unaambiwa leo una Mcuba, ukimshinda keshokutwa una Msovieti. Hakuna wa kukuhurumia na hakuna wa kukuandalia njia. Kwenye kulipwa mpinzani anatokana na mazungumzo: promota wako na wake, televisheni inataka nini, nani ana mkanda, nani anaomba pesa nyingi mno. Bondia anaweza kulindwa miaka mitano asikutane na mtu hatari, na anaweza pia kutupwa kwa simba kwa taarifa ya wiki chache. Azumah lilimkuta hilo la pili.

Medali: Algiers na Edmonton, 1978

Azumah Nelson alizaliwa Accra tarehe 19 Julai 1958 na kukulia Mamprobi. Wengi humwita mtoto wa Bukom, na kosa hilo linaeleweka, maana Bukom, kwenye eneo la zamani la Waga la Ga Mashie karibu na James Town, ndiko kunakotajwa kila ngumi za Ghana zinapotajwa. Ni mtaa wa wavuvi, nyumba zimebanana, na jumba la mazoezi unaweza kulitambua kwa sauti kabla hujaliona. Ukoo wake Azumah ni wa Tabom, wazao wa Waafrika waliorudi kutoka Brazil karne ya 19 na kukaribishwa na Waga.

Mwaka 1978 alikuwa na umri wa miaka 20 na akachukua dhahabu mbili, zote kwenye uzito wa unyoya, yaani kilo 57: moja Michezo ya Afrika jijini Algiers, nyingine Michezo ya Jumuiya ya Madola huko Edmonton, Kanada. Fainali ya Edmonton ilikuwa ya Waafrika watupu, kwani alimshinda John Sichula wa Zambia. Kwenye michezo hiyohiyo Stephen Muchoki wa Kenya alitwaa dhahabu ya uzito mwepesi kuliko wote, na kijana mmoja wa Ireland ya Kaskazini, Barry McGuigan, akatwaa ya bantamu. Mshike huyo McGuigan, tutakutana naye tena.

Sasa Olimpiki. Ghana ina medali tano tu za Olimpiki katika historia yake, na nne kati ya hizo ni za ngumi: fedha ya Clement Quartey (Roma 1960), shaba ya Eddie Blay (Tokyo 1964), shaba ya Prince Amartey (Munich 1972) na shaba ya Samuel Takyi kwenye Michezo ya Tokyo iliyofanyika 2021. Ya tano ni shaba ya soka ya 1992. Jina la Azumah halimo.

Hapo ndipo inapozuka hadithi kwamba siasa zilimnyima. Kuna ukweli nusu. Mwaka 1976 nchi nyingi za Afrika, Ghana na Kenya na Tanzania zikiwemo, ziligomea Montreal kwa sababu timu ya raga ya New Zealand ilikuwa imezuru Afrika Kusini ya ubaguzi wa rangi. Mwaka 1980 Ghana na Kenya zikagomea tena, safari hii Moscow, kwa sababu ya majeshi ya Kisovieti kuingia Afghanistan. Lakini tazama tarehe. Azumah aliingia kwenye ngumi za kulipwa mapema Desemba 1979, wiki kadhaa kabla Wasovieti hawajavuka mpaka wa Afghanistan na kabla mtu yeyote hajatamka neno mgomo kwa sababu hiyo. Na kwa kanuni za wakati ule aliyekwishapigana kwa malipo alikuwa amejifungia mlango wa Olimpiki. Hata Ghana ingepeleka timu Moscow, yeye asingekuwemo.

Kanuni hiyo ililegezwa 2016, na wapo wanaoamini kwamba bingwa wa kulipwa akirudi kwenye ridhaa atawazoa watoto. Hassan N'Dam wa Cameroon, aliyewahi kushika mkanda wa dunia wa uzito wa kati wa WBO, chombo kingine kama WBC, alijaribu Rio mwaka huohuo. Akatolewa pambano lake la kwanza. Raundi tatu hazikupi muda wa kumsoma mtu taratibu. Bondia aliyezoea kupoteza raundi mbili za mwanzo kwa hesabu ya raundi 12 anajikuta pambano limeisha.

Raundi ya 15

Na kinyume chake pia ni kweli. Fundi wa raundi tatu anaweza kufika raundi ya tisa akakuta miguu haipo. Muchoki, ambaye mwaka 1978 alikuwa bingwa wa dunia wa ridhaa pamoja na ile dhahabu ya Edmonton, aliingia kwenye kulipwa na mwaka 1982 akapewa nafasi ya kugombea mkanda wa dunia wa uzito wa inzi wa WBA, chombo kingine cha aina hiyo, huko Denmark dhidi ya Santos Laciar wa Argentina. Akasimamishwa raundi ya 13.

Mwaka huohuo ndipo Azumah alipotupwa kwa simba. Salvador Sánchez wa Mexico, bingwa wa WBC wa kilo 57 na mmoja wa mabondia bora wa kizazi chake, alikuwa apigane na Mario Miranda wa Colombia kwenye ukumbi wa Madison Square Garden, New York. Miranda akajitoa. Akatafutwa mbadala kwa haraka, akapatikana Mghana ambaye Marekani karibu nzima ilikuwa haijamsikia, mwenye mapambano 13 tu ya kulipwa. Mapambano ya ubingwa wakati huo yalikuwa raundi 15.

Usiku wa 21 Julai 1982 Azumah alimfuata Sánchez mbele kuanzia kengele ya kwanza. Raundi ya saba akaangushwa kwa ngumi ya kushoto, akainuka, akaendelea kumfuata. Waliokuwa wamekaa wakisubiri mgeni achoke walisubiri sana. Kufikia raundi ya 15 mshindi alikuwa bado hajaonekana wazi, na hapo ndipo uzoefu wa Sánchez ulipoongea: akamwangusha tena, refa akasimamisha pambano. Wiki tatu baadaye, tarehe 12 Agosti, Sánchez alikufa kwa ajali ya gari akiwa na umri wa miaka 23. Marudiano hayakuwezekana tena.

Kwenye karatasi usiku ule ni alama moja tu: kipigo, TKO (yaani refa kusimamisha pambano), raundi ya 15. Ukisoma rekodi kwa kuhesabu vipigo, utauona kuwa doa. Mimi nauhesabu kuwa ndio uliomtoa Azumah Accra akajulikana duniani. Raundi 15 zenyewe hazikudumu. Novemba ya mwaka ule Duk Koo Kim wa Korea Kusini alipigwa raundi ya 14 ya pambano la ubingwa Las Vegas na akafariki siku chache baadaye. WBC ikapunguza raundi kuwa 12, na wengine wakafuata.

Mkanda ni wa nani

Kabla hatujafika kwa Fenech, tuweke mikanda sawa. Mwaka 1981 Azumah alimpiga Brian Roberts wa Australia jijini Accra na kutwaa ubingwa wa Jumuiya ya Madola. Lakini si alikuwa tayari na dhahabu ya Jumuiya ya Madola? Ndiyo, na ni vitu viwili visivyojuana. Dhahabu ya 1978 ni ya michezo ya ridhaa inayofanyika kila baada ya miaka minne na kukusanya riadha, kuogelea na mengineyo. Mkanda wa 1981 ni wa ngumi za kulipwa, unashikiliwa mpaka mtu akunyang'anye. Hapa ndipo wasifu wa mabondia unapovurugika mitandaoni, mtu anaandikiwa kitu kimoja mara mbili au viwili mara moja.

Kwa ngazi ya dunia kuna vyombo vinne vinavyotambuliwa: WBA, WBC iliyoanzishwa 1963, IBF ya 1983 na WBO ya 1988. Vyote ni vyama binafsi. Havina serikali juu yake, vinatoza ada kwenye kila pambano la mkanda wao, na kila kimoja kina orodha yake ya wagombea na bingwa wake wa kila uzito. Kwa hiyo uzito mmoja unaweza kuwa na mabingwa wanne wa dunia kwa wakati mmoja, na hakuna hata mmoja anayedanganya.

Azumah alipata wake tarehe 8 Desemba 1984 mjini San Juan, Puerto Rico, nyumbani kwa Wilfredo Gómez. Gómez alikuwa shujaa wa kisiwa kile. Kwenye uzito wa chini yake aliwahi kutetea mkanda mara 17 na mara zote 17 akammaliza mpinzani kabla ya kengele ya mwisho. Kutegemea kumshinda mtu wa namna hiyo kwao kwa kadi za majaji ni kujidanganya. Azumah hakusubiri kadi. Raundi ya 11 alimshushia mvua ya makonde na Gómez hakuinuka kwa wakati. WBC, kilo 57, mkanda ukaenda Accra.

Miezi sita baadaye, Juni 1985, McGuigan yule wa Edmonton alimshinda Eusebio Pedroza jijini London na kuwa bingwa wa WBA wa kilo 57. Kwa mwaka mzima hawa wawili wakawa mabingwa wa dunia wa uzito mmoja, wote wenye dhahabu za michezo ileile ya 1978, na hawakukutana ulingoni hata siku moja. Kwenye ridhaa droo ingewakutanisha. Kwenye kulipwa palihitajika mkataba, na mkataba haukuja. Kwa hiyo ukiulizwa kama Azumah alikuwa bingwa wa dunia, jibu ni ndiyo, bila kusita. Ukiulizwa kama alikuwa bingwa pekee wa uzito wake, jibu ni hapana.

Nje ya vile vinne vipo vyama vingine chungu nzima vyenye neno "dunia" kwenye jina lao, na hata hivyo vinne vina mikanda ya kanda na ya mabara, inayomsaidia bondia kupanda kwenye orodha. Kushinda mkanda wa Afrika wa WBO ni hatua nzuri, ila bango linalomtangaza mwenye mkanda huo kuwa bingwa wa dunia linauza tiketi tu. Mabango ya aina hiyo hayakosekani Dar es Salaam wala Nairobi, na Accra pia wanayajua.

Azumah aliutetea mkanda wa kilo 57 mpaka alipoamua kupanda. Utetezi mmoja sitaki kuuruka: Oktoba 1985, Birmingham, Pat Cowdell, Mwingereza mwenye shaba ya Olimpiki ya Montreal na aliyewahi kumaliza raundi zote 15 na Sánchez. Azumah alimlaza raundi ya kwanza. Medali ya Olimpiki ilikuwa upande wa Cowdell. Mkanda ulibaki upande wa pili.

Sare iliyogeuka

Februari 1988 Azumah alimshinda Mario Martínez kwa pointi na kuchukua mkanda wa WBC wa uzito wa juu yake, kilo 59 hivi. Mwaka 1990 akapanda tena kumfuata Pernell Whitaker kwenye uzito mwepesi wa kilo 61, akapoteza kwa pointi, akarudi kwenye kilo zake. Ndipo akaja Fenech.

Fenech alikuwa hajawahi kupigwa na alikuwa amekwisha kushika mikanda ya uzito tatu tofauti. Walikutana hoteli ya Mirage, Las Vegas, kwenye mapambano ya utangulizi ya Mike Tyson na Donovan Ruddock. Kwa raundi 12 Fenech alimkandamiza Azumah kwenye kamba, akirusha makonde mengi kuliko yeye. Watu karibu wote waliokuwepo walimpa Fenech. Majaji watatu wakatoa majibu matatu: mmoja alimpa Fenech, mmoja alimpa Azumah, mmoja aliona sawa. Hiyo ndiyo sare ya mgawanyiko, na sare ikitokea bingwa hubaki na mkanda wake. Baadaye Azumah alisema alipanda ulingoni akiwa ametoka kuugua malaria.

Hesabu ya majaji si siri. Kila raundi mshindi anapewa 10, aliyeshindwa 9, akiangushwa 8. Jaji anaandika kila raundi peke yake bila kumwuliza mwenzake, na mwisho zinajumlishwa. Raundi mbili tatu za karibu zikiangukia upande mmoja, jaji anakuwa na mshindi ambaye ukumbi mzima haumwoni. Haihitaji rushwa kutokea hivyo, ingawa katika ngumi hakuna anayekatazwa kushuku.

Sasa, kilichofanywa na WBC mwaka 2022 ni kitu gani hasa? Chukua mtihani wa taifa. Cheti kinatolewa na baraza la mitihani. Shule nayo ina kombe lake inalompa aliyeongoza. Miaka 30 baadaye shule inaweza kupitia upya karatasi, ikaona kombe lilikwenda kusiko, ikamwita yule wa pili na kumkabidhi kwa heshima zote. Kombe ni la shule, hakuna wa kuizuia. Lakini cheti hakibadiliki, kwa sababu shule haikukitoa.

Katika ngumi, baraza la mitihani ni kamisheni ya mahali pambano linapopigwa, hapa ya jimbo la Nevada. Ndiyo inayotoa leseni, inayosimamia refa na majaji, na ndiyo yenye matokeo. WBC ni shule yenye kombe. Iliweza kumtambua Fenech kuwa bingwa wa uzito wa nne kwenye vitabu vyake. Haikuweza kuifuta sare ya Nevada, na rekodi ya Azumah inayonukuliwa kote ni ileile: ushindi 39, vipigo sita, sare mbili, na katika ushindi huo 28 ni kwa KO (mpinzani kulazwa) au TKO.

Ghana yenyewe ilikwisha kuujua mchezo huu kutoka upande mwingine wa meza. Mei 1964 Floyd Robertson wa Ghana aligombea ubingwa wa dunia wa uzito wa unyoya jijini Accra dhidi ya Sugar Ramos wa Cuba. Ramos akapewa ushindi kwa majaji wasiokubaliana. Mamlaka ya Ngumi ya Ghana haikuridhika. Ikafuta matokeo na kusema pambano halikuwa na mshindi. Vyombo vya dunia vikaendelea kumtambua Ramos kama kawaida. Mara ile mwenye kusimamia pambano alikuwa Ghana, mwenye mkanda alikuwa mwingine, na mkanda haukusogea hata kidogo. Waliochekelea uamuzi wa Accra mwaka 1964 na kununa kwa wa WBC mwaka 2022 wana kazi ya kueleza.

Kwa jambo hili Azumah mwenyewe alikwisha kujibu zamani, mahali panapotakiwa. Tarehe 1 Machi 1992 alikwenda Melbourne, kwao Fenech, kwenye uwanja wa wazi wa Princes Park uliojaa makumi ya maelfu ya watu waliokuja kuona haki ikitendeka. Raundi ya kwanza Fenech alikuwa chini. Raundi ya nane refa alimsimamisha. Kilikuwa kipigo cha kwanza cha Fenech maishani.

Namba zinasema nini

Rekodi ya 39-6-2 haina ndani yake hata pambano moja la ridhaa. Si Algiers, si Edmonton. Ridhaa ina daftari lake, kulipwa lake, na bondia anayehama anaanza sifuri. Ike Quartey alikwenda Olimpiki ya Seoul 1988 akarudi bila medali, na mwaka 1994 akawa bingwa wa WBA wa uzito wa welta. Sifuri ile haikumdhuru. Takyi naye, baada ya shaba yake ya Tokyo, alianza upya kwenye kulipwa kama kijana mwingine yeyote wa Accra.

Vipigo sita vya Azumah ni hivi: Sánchez, Whitaker, Jesse James Leija mara mbili, Genaro Hernández, na Fenech. Huyo wa mwisho huwashangaza wengi. Ni pambano la tatu kati yao, Juni 2008, Melbourne, Azumah akiwa na miaka 49 na Fenech 44, halina mkanda wowote, Fenech akashinda kwa pointi. Limehesabiwa kwa sababu lilisimamiwa kama pambano rasmi la kulipwa. Daftari halijali umri. Halionyeshi pia kwamba Desemba 1995, akiwa na miaka 37 na watu wameshamzika, alimsimamisha Gabriel Ruelas raundi ya tano na kurudisha mkanda wa WBC, wala kwamba mwaka uliofuata alimlipa Leija kwa TKO raundi ya sita.

Ndiyo maana rekodi safi huwa hainitishi. Mtu mwenye 25-0 aliyepangiwa madereva wa bodaboda si mkubwa kuliko mwenye vipigo sita vilivyotoka kwa Sánchez na Whitaker.

Kuhusu Jumba la Mashujaa: liko Canastota, jimbo la New York, ni taasisi ya makumbusho, haigawi mkanda wala kusimamia pambano. Azumah aliingizwa 2004. Dick Tiger wa Nigeria, bingwa wa uzito wa kati na wa uzito mzito mwepesi miaka ya 1960, alikuwa ameingizwa mwaka 1991. Na bingwa wa kwanza wa dunia kutoka Ghana hakuwa Azumah bali David Kotei, maarufu D.K. Poison, aliyemshinda Rubén Olivares wa Mexico huko California, Septemba 1975, kwa mkanda uleule wa WBC ambao Azumah angeuchukua miaka tisa baadaye.

Habari za Kotei zinatuingiza kwenye pesa, ambako neno "kulipwa" huwadanganya wengi. Bondia anatangaziwa kitita, mashabiki wanadhani ndicho kinachoingia mfukoni. Kwanza meneja anachukua fungu lake, ambalo linaweza kufika theluthi. Kocha kwa kawaida anachukua asilimia kumi. Chombo chenye mkanda kinatoza ada yake, kodi inakatwa, wale wa kambini na wa kona wanalipwa. Kinachobaki ndicho cha kulea ndugu, na Accra ndugu ni wengi. Hakuna pensheni.

Kotei alikutana na mdai ambaye hakuwa kwenye mkataba. Kama alivyosimulia mwenyewe mara nyingi, serikali ya Jenerali Acheampong, ikiwa na uhaba wa fedha za kigeni, ilikopa kwake dola 45,000 kutoka kwenye malipo yake ya ulingoni ili kuagiza samaki wa kopo. Samaki walikuja, wakaliwa. Kotei aliupoteza mkanda kwa Danny López jijini Accra Novemba 1976, na deni lake akaendelea kulidai kwa miongo kadhaa, serikali moja ikiondoka na nyingine ikiingia.